Milimita Tatu za Mwisho

Nyundo ni chombo kizuri mpaka milimita tatu za mwisho. Msumari ukishazama karibu wote, kichwa kikabaki kimechungulia kidogo tu juu ya mbao, pigo linalofuata ndilo linaloharibu kazi. Uso wa nyundo huigusa mbao kabla kichwa hakijaingia, na hapo panabaki alama ya duara ambayo vanishi haiifichi, bali huizidisha. Kama unajenga banda la kuku, hilo si neno. Lakini ukiwa unapiga dari ya nyumba ya wageni pale Muhuru Bay, au unafunga vipande vya kushikilia kioo cha dirisha linalotazama Ziwa Victoria, mwenye nyumba ataiona alama hiyo kila akilala na kila akiamka.

Dawa ya zamani inajulikana: panchi ya msumari, kile kijiti cha chuma chenye ncha butu unachoweka juu ya kichwa cha msumari kisha unakigonga kwa nyundo. Inafanya kazi, na sitamwambia fundi yeyote aitupe. Ila inadai mikono miwili na macho mawili kwa wakati mmoja: mkono huu ushike panchi isiteleze, ule upige, na jicho ligawanyike kati ya ncha na nyundo. Ukiwa juu ya ngazi, shingo imepinda na vumbi la mbao linakudondokea usoni, mkono wa tatu ndio unaoutafuta.

Hapo ndipo panchi ya springi inapopata nafasi yake. Ni fimbo mbili fupi za feleji zilizounganishwa na springi katikati. Ncha ya fimbo moja unaiweka juu ya kichwa cha msumari, unaishika imara; fimbo ya pili unaivuta nyuma kwa vidole, springi inanyooka, kisha unaiachilia. Inarudi kwa kasi kama jiwe la manati na kuigonga ile ya kwanza. Nguvu yote inapita kwenye ncha na kuingia kwenye msumari. Nyundo haihitajiki, wala nafasi ya kuipungia. Nyingi zina ncha mbili za ukubwa tofauti, moja kila upande, kwa hiyo ukigeuza tu umepata saizi nyingine.

Kuna ndugu yake ambaye mafundi wa vyuma wanamfahamu zaidi: senta panchi ya kujipiga. Hiyo huivuti, unaikandamiza. Ndani ya mpini kuna springi inayobanwa kadiri unavyosukuma, mpaka ifike mahali inapojifyatua yenyewe na kupiga. Kazi yake halisi ni kuweka alama kwenye chuma kabla ya kutoboa, ili keekee isiteleze. Ncha yake ni kali, kwa hiyo ukiiweka kwenye kichwa cha msumari itatoboa kishimo na kuteleza pembeni. Mafundi wengine huisaga ikawa butu na kuigeuza panchi ya misumari midogo. Inawezekana, mradi usage polepole na kuichovya majini kila mara. Ukiona ncha imegeuka rangi ya bluu, joto limekwisha kuulegeza ugumu wa feleji, na panchi hiyo itakuwa inajikunja kila ukiigusisha na kitu kigumu.

Jambo la kuelewa kabla hujavuta ni jinsi springi inavyotoa nguvu. Nguvu ya pigo haipandi sawasawa na urefu uliouvuta. Ukiivuta mara mbili ya mwanzo, pigo halizidi mara mbili, linakaribia mara nne. Ndiyo maana mtu anayeshika chombo hiki kwa mara ya kwanza huvuta mpaka mwisho, akautumbukiza msumari ndani ya mbao mpaka ukapotea, na kuacha shimo analolitafutia putty nusu siku. Anza kwa mvuto mfupi. Tazama. Vuta tena. Mapigo matatu madogo yanakupa kichwa kilichozama milimita moja na nusu au mbili, na hicho ndicho kina unachotaka: putty inapata mahali pa kushika, na mbao haijapoteza nguvu ya kushikilia.

Ncha lazima iwe nyembamba kidogo kuliko kichwa cha msumari. Ikiwa nene kuliko kichwa, itapanua tundu na kuchana nyuzi za mbao pembeni. Ikiwa nyembamba mno, itateleza. Ncha zinazouzwa huwa za sehemu moja, mbili au tatu za 32 za inchi, yaani takriban milimita 0.8, 1.6 na 2.4. Kwa misumari ya kumalizia, ile isiyo na kichwa kipana na zile panel pini za kushikia vioo, ndogo mbili zinatosha. Kwa msumari wa inchi 4 wa kawaida, wenye kichwa kipana cha mviringo, weka chombo hiki pembeni na uchukue nyundo. Hakikuumbwa kwa kazi hiyo.

Nikiulizwa ni wapi panchi ya springi inajilipa haraka zaidi, nitasema dari. Mbao za ulimi na mfereji, zile ambazo hadwea huziuza kwa jina la T na G, hupigwa msumari wa mshazari kupitia kwenye ulimi, ili ubao unaofuata uje uufunike. Kichwa kisipozama vizuri, mfereji wa ubao wa pili hauingii mpaka mwisho, na pengo dogo unaloacha hapo linazidi kwa kila ubao. Ukifika ukuta wa pili unakuta dari imepinda. Na ulimi wenyewe ni mwembamba. Nyundo ikiteleza mara moja umeuvunja. Panchi ya springi inaingia kwenye ile kona ya mshazari bila shida, unavuta kuelekea chini, unaachilia, basi. Msaipresi, ambao ndio mbao za dari nyingi huku kwetu, ni laini, kwa hiyo pigo moja au mawili yanamaliza.

Pili ni vioo. Fremu ya dirisha ya mbao hushikilia kioo kwa vipande vyembamba vinavyopigiliwa pini pembeni mwake, na nyundo hapo inapita kando ya kioo kila pigo. Kila fundi ana hesabu yake ya vioo alivyovilipa. Weka kipande cha kadibodi kati ya kioo na chombo, anza pini kwa kuisukuma kwa koleo, kisha imalizie kwa springi, ukilaza panchi sambamba na kioo. Onyo moja tu: senta panchi ya kujipiga isikaribie kioo cha pembeni cha gari wala mlango wa kioo kilichoimarishwa kwa joto. Kioo cha aina hiyo kikipigwa na ncha yake kinapasuka chote kwa mara moja na kuwa punje, na ndiyo sababu waokoaji hubeba chombo hicho makusudi.

Mbao ngumu zina masharti yake. Mvule haupendi kulazimishwa, na mkaratusi ukikauka unapasuka kabla msumari haujafika nusu. Toboa kwanza tundu jembamba kuliko msumari wenyewe, piga kwa nyundo, uache milimita mbili au tatu, kisha springi imalize. Karibu na mwisho wa ubao fanya hivyo hata kwa msaipresi. Na ukikuta kichwa kimekataa kuzama baada ya mapigo manne au matano, usiendelee kuvuta kwa hasira; huenda msumari umekutana na fundo, au umepinda ndani. Ung'oe, usogeze sentimita mbili, uanze upya.

Kuhusu kujaza vishimo, wengi huchanganya vumbi la mbao na gundi nyeupe. Kwa kazi ya kupakwa rangi sina neno. Kwa kazi ya vanishi, gundi hiyo haipokei rangi ya mbao, na dari nzima inabaki na vidoti kana kwamba imeugua tetekuwanga. Changanya vumbi la mbao ileile na vanishi yenyewe, jaza, acha ikauke, piga msasa.

Sasa niseme juu ya mashua, maana Muhuru ni mji wa uvuvi, na kwa mafundi wengi wa huku mbao maana yake ni boti ya omena au ya mbuta kabla haijawa mlango wala dari. Mitumbwi ya kale ya ziwa hili, ile ya visiwa vya Ssese ambayo mvumbuzi Stanley aliikuta alipolizunguka ziwa mwaka 1875, ilishonwa kwa nyuzi, bila msumari, kama ulivyoshonwa mtepe, jahazi la kale la pwani ya Lamu. Leo mbao zinapigiliwa misumari, mapengo yanakalafatiwa kwa pamba, na mara nyingi juu yake panapigiliwa vipande vya bati. Fundi anayeona panchi ya springi kwa mara ya kwanza hutamani kuipeleka ufukweni. Ninamshauri asifanye haraka.

Msumari wa mashua unashikilia kwa namna nyingine. Unapita mbao zote mbili, na ncha inayojitokeza upande wa pili hukunjwa na kurudishwa ndani ya mbao, mtu mmoja akishikilia chuma kizito kwenye kichwa na mwenzake akigonga ncha. Kazi hiyo inataka uzito, na springi haina uzito. Ina kasi tu. Tena msumari uliopakwa zinki ukipigwa na ncha ndogo ngumu, ile ncha inakwangua zinki kichwani, na maji yanaanza kula hapohapo. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari, lakini chuma kilichovuliwa nguo hakisubiri chumvi. Na kile kichwa ukikizamisha chini ya uso wa ubao umekata sehemu ya unene uliokuwa unalishikilia ganda la boti dhidi ya mawimbi. Vile vipande vya bati navyo vinatobolewa na ncha kabla msumari haujakaa. Nyundo nyepesi yenye uso laini inatosha. Ndani ya boti, kwenye ubao wa kukalia au kijisanduku cha kuwekea taa na betri, hapo panchi ya springi ina kazi, na inafika kwenye pembe za mbele ambako mkono wenye nyundo haugeuki.

Nije kwenye bawaba, ambako naona watu wengi wanateseka bure.

Mwezi wa Mei 2020 ziwa lilipanda kuliko rekodi yake ya mwaka 1964, na katika fuo zetu maji yaliingia majumbani. Aliyejua kung'oa mlango kwa dakika chache alihama nao. Asiyejua aliuacha uvimbe. Hata bila mafuriko, kila msimu wa mvua za masika milango ya mbao hunywa unyevu, ikakwama kwenye fremu, na dawa ni kuishusha na kuipiga randa ukingoni. Kushusha mlango kwa kufungua skrubu zote ni kazi ndefu, na skrubu zilizopata kutu hukatika vichwa. Kuchomoa pini ya bawaba kwa panchi ya springi ni njia fupi, kama pini inachomoka.

Neno ni hilo: kama inachomoka. Piga magoti utazame bawaba kutoka chini. Ukiona tundu dogo, na ndani yake mwisho wa pini, pini hiyo inatoka kwa juu. Ukiona chuma kimefungwa na kupondwa kikawa kama kichwa cha ribiti, pini haitoki, na bawaba nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika hadwea zetu ziko hivyo. Usipoteze springi yako hapo. Rudi kwenye bisbisi. Kwa milango ya chuma, mafundi wa kuchomea hutumia zaidi zile bawaba za mviringo zenye umbo la risasi, nusu ya chini ikiwa na kipini na nusu ya juu ikikikalia. Hizo hazichomolewi kabisa; mlango unafunguliwa na kuinuliwa moja kwa moja juu, ikiwa fundi hakugeuza mojawapo kuzuia usiinuliwe. Ukiona mlango haupandi, tazama kama bawaba moja imeelekezwa kinyume kabla hujaita watu wanne wa kuusukuma.

Kwa pini inayotoka, jambo linalosahaulika ni uzito. Watu hudhani pini imeshikwa na kutu, kumbe imeshikwa na mlango. Mlango ulioning'inia unavuta vifundo vya bawaba vipishane, na pini inabanwa katikati. Funga mlango, ingiza kabari mbili za mbao chini yake upande wa komeo na upande wa bawaba, uzigonge mpaka uone mlango umeinuka kidogo sana. Mara nyingi baada ya hapo pini inasogea kwa pigo la kwanza. Kama bawaba imepakwa rangi mara kadhaa, pitisha kisu kuzunguka kichwa cha pini na katikati ya vifundo. Kama ni kutu kweli, tone la mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, liachwe usiku mzima, ndilo linalofanya kazi, wewe lala.

Anza na bawaba ya chini, kisha ya kati kama ipo, na ya juu iwe ya mwisho. Ukianza na ya juu mlango utainama na kupinda zile zilizobaki. Weka ncha ya panchi kwenye tundu la chini ya pini, vuta fimbo ya chini kuelekea sakafuni, achilia. Pini itachomoza juu kidogo kidogo. Ikishapanda sentimita moja hivi, ishike kwa koleo uivute. Kwenye bawaba ya chini nafasi huwa finyu, maana chombo chenyewe kina urefu na kinahitaji nafasi ya kuvutwa. Kikikosa, tumia msumari wa inchi 4 uliokatwa ncha, pamoja na nyundo ndogo, ukigonga kwa mshazari. Si aibu.

Wakati wa kurudisha, ni kinyume: ya juu kwanza. Safisha pini kwa msasa, ipake grisi kidogo, iingize kwa mkono, kisha igonge kwa nyundo mpaka kichwa kikae. Pini isiyoingia kwa mkono mpaka nusu inakwambia kwamba mlango haujakaa sawa juu ya kabari. Irekebishe kabari, usiilazimishe pini.

Chombo hiki kina hatari mbili. Vidole visikae karibu na mahali fimbo zinapokutana, maana zinabana kwa kasi kuliko unavyoweza kuondoa mkono. Na macho yafunikwe kwa miwani ya kazi, hata kwa pini moja. Feleji ngumu ikigonga feleji ngumu inaweza kumeguka, na kipande hicho hakikuulizi ulikuwa unatazama wapi. Kwa sababu hiyohiyo siungi mkono panchi za kienyeji nilizowahi kuona zikitengenezwa kwa springi ya stendi ya bodaboda na vipande vya shafti. Springi ya stendi ni nzuri kabisa. Tatizo ni shafti: fundi hajui ugumu wake, na ikiwa ni ngumu mno inamegeka. Kipande cha nondo nacho ni laini, kinaota ukingo kama uyoga baada ya siku chache, na ukingo huo unarushwa vilevile. Ukitaka kujitengenezea, nondo iliyosagwa ukingo mara kwa mara ni salama kuliko shafti usiyoijua.

Si lazima kila mtu anunue yake. Senta panchi ya kujipiga hupatikana kwa urahisi Kisumu na hata Migori mjini. Ile ya kuvuta, yenye ncha mbili, ni adimu zaidi, na aghalabu huagizwa. Mafundi watatu au wanne wanaofanya kazi ufuo mmoja wanaweza kuchangia moja, kwa sharti kwamba irudi ikiwa kavu. Adui wake mkubwa huku ni mchanga. Punje zikiingia kati ya miviringo ya springi hukwangua, kutu ikashika, na springi iliyoanza kutu hukatika ikiwa imevutwa. Ifute kwa kitambaa chenye oili, iweke kwenye kisanduku, si mfukoni.

La mwisho linamhusu mwenye nyumba zaidi kuliko fundi. Tazama mlango wako wa nje. Kama unafunguka kuelekea nje, vifundo vya bawaba viko nje pamoja na pini zake, na mtu mwenye chombo hiki anaweza kuzichomoa usiku bila kelele ya nyundo hata moja, kufuli ikiwa imefungwa vizuri kabisa. Kwa mlango wa chuma, mwambie welda aguse kichwa cha pini kwa doa moja. Kwa mlango wa mbao, fungua mlango, ondoa skrubu moja katika kila bapa la bawaba, zile zinazotazamana. Kwenye tundu la upande wa fremu piga msumari mnene mpaka ushike, ukate kichwa, uache kisiki cha sentimita moja hivi. Upande wa mlango, lipanue tundu lile mpaka kisiki kiingie humo bila kugusa mlango ukifungwa. Baada ya hapo hata pini zikitolewa zote, mlango uliofungwa hauondoki mahali pake.